Wifi Yangu Apumzike

Asubuhi yangu huanza na shuka. Natoa lililolowa, naweka kavu, na katikati ya kutoa na kuweka yupo wifi yangu, ambaye lazima kwanza nimgeuze ubavu, na kumgeuza ni kama kugeuza gunia lenye maoni.

"Polepole, mwanamke we! Mimi si kitambaa."

"Ungekuwa kitambaa ningeshakukunja nikakuweka kabatini."

"Na ungenikata vibaya, kama ulivyomkatia yule mwalimu gauni lake, mkono mmoja mrefu, mwingine unamkimbia mwenzake."

Kiharusi kilimpiga miaka miwili iliyopita, upande wote wa kulia. Mkono ukalala, mguu ukalala, mdomo ukaenda pembeni. Ulimi nao ulilala mwezi mzima, halafu ukapona nusu, na nusu iliyopona ndiyo ile kali. Maneno yake siku hizi hutoka yamelowa kidogo, kama mkate ulioangukia kwenye chai, lakini mimi nimeyazoea. Nayasikia yote. Mengine ningependa nisiyasikie.

Hana mtoto. Kaka yake pekee alikuwa mume wangu, na mume wangu alikufa mwanetu akiwa hajaota hata jino. Kwa hiyo hospitali waliposema mgonjwa arudi nyumbani, na watu wakaanza kuulizana nyumbani kwa nani, macho yote yalinigeukia mimi. Sikukataa. Ila sitadanganya kwamba niliitikia kwa moyo mweupe. Tangu kaka yake afe, miaka arobaini na mitatu, wifi yangu hakuwahi kunipa neno la upole. Alikuwa akija kumwona mwanangu, anamletea madaftari na viatu, na mimi ananipa mkono kama mtu anayepokea barua iliyopungua stempu. Kwa nini, sikujua. Nilishajiuliza mpaka nikaacha.

Na barua alizijua. Alikuwa karani wa telegramu pale posta kwa miaka thelathini. Siku hizi watoto hawajui telegramu ni nini: ulikuwa ujumbe unaopita kwenye waya, unalipiwa kwa neno, kwa hiyo watu waliyabana maneno kama wanaofunga sanduku dogo kwa safari ndefu. Wifi alikaa nyuma ya dirisha la nondo akiyahesabu kwa ncha ya penseli. Yeye ndiye aliyejua wa kwanza nani kajifungua, nani kafukuzwa kazi, nani harudi tena. Hadi leo nikimwambia, "Nakuja sasa hivi hivi," atanijibu, "Hivi moja inatosha."

Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko. Cha mbele ni cha kazi: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, meza ya kukatia, kioo chenye ufa ambacho wateja hujitazama upande usio na ufa. Cha nyuma ni chake. Mlango wa katikati tuliung'oa ili kitanda chake kipite, haukurudi tena, nikashona pazia la maua. Pazia huzuia macho. Sauti haizuii, na hilo ndilo nililolisahau.

Nilikuwa nimechoka. Kule kuchoka kwa miguu nakujua, ukikaa kunaisha. Huku kwingine nilikuwa naamka nako. Nilifika mahali nikawa nakaa kwenye cherehani, uzi nimeshatia, kitambaa nimeshaweka, halafu nakitazama tu kile kitambaa, mpaka sauti itoke ndani:

"Umekufa huko?"

"Bado."

"Basi kanyaga. Kimya chako kinaniwasha."

Ni katika siku hizo mtawa alipokuja na vazi lake.

Katika mtaa wetu, juu ya duka la baiskeli, kuna watu wanaofuata mafundisho ya Buddha waliopanga vyumba viwili mwaka jana. Si wengi, sita au saba, na wanne kati yao ni watu wa hapa hapa. Mmoja ni kinyozi wa kona. Mwalimu wao ni mwanamke aliyetoka mbali, mtawa, amenyoa kichwa chote mpaka kinang'aa. Mtaa ulimwita Sista Kipara siku ya pili tu, naye alipoambiwa maana yake aliitika bila kununa. Kiswahili chake amekitoa kwenye kamusi: kisafi, kimenyooka, kama kimepigwa pasi, kila neno kwenye hanga lake.

Vazi lilikuwa kubwa, rangi ya kutu, limenaswa na msumari wa geti na kuchanika pindoni. Nikalitandaza mezani, nikashangaa. Lilikuwa vipande vitupu. Kipande kirefu, kipande kifupi, kirefu, kifupi, mshono juu ya mshono.

"Sista," nikasema, "hili limeshachanika sana. Nani alikuunganishia hivi viraka? Rangi hii ninacho kitambaa kizima. Nikushonee jipya, unilipe ukipata."

Akacheka, akaeleza. Kumbe lilikuwa jipya. Kwao, vazi la mtawa linaanza na kitambaa kizima, wanakikata vipande, halafu wanaviunga tena, ndivyo walivyofundishwa tangu zamani za Buddha mwenyewe: ili mwizi asilitamani, na anayelivaa asijione.

"Mnakata kitambaa kizima makusudi?"

"Makusudi, mama."

"Halafu mnaunga."

"Halafu tunaunga."

Pazia likasema: "Mwambie aje afanye kazi hapa. Wewe huwa unakata bila makusudi."

Mtawa akaangalia pazia, akaniangalia mimi. "Nani huyo?"

"Wifi yangu. Usimjibu, atafurahi."

Nikaanza kulishona palepale kwa mkono, maana mchaniko wenyewe ulikuwa wa kiganja kimoja. Na kwa kuwa macho yangu si yale, na subana, ile kofia ya kidole, nilikuwa nimeiacha jikoni, nikajichoma kidole. Nikakinyonya. Nikasema, mjinga mimi. Nikasema, macho yamekwisha. Nikasema, na mtu mwenyewe silali vizuri, nitaonaje? Na nikifa kesho nani atamgeuza huyu humu ndani? Na hii mvua nayo, nguo zote ziko nje!

Mtawa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. "Mama, sindano imekuchoma mara ngapi?"

"Si mara moja?"

"Mimi nimehesabu sita."

Nikamtazama. Akasema mwalimu wao alifundisha kuhusu mtu aliyepigwa mshale, kisha kwa hasira na hofu akajipiga mwenyewe mshale wa pili. "Lakini hapa hakuna mishale. Wewe una sindano. Ya kwanza imeingia, basi, inauma. Hizo tano ulizichukua mwenyewe."

"Ni rahisi kusema, Sista. Wewe huna wifi."

"Nina jirani mwenye mbwa," akasema, na uso wake ukachoka ghafla kama wa mtu yeyote. "Miaka ishirini najifunza kutulia. Mbwa ana miaka miwili tu. Bado ananishinda."

Hapo ndipo nilipompenda. Nikamwambia habari za shuka, na mgongo, na kukitazama kitambaa. Hakuniambia nisali sana wala nimshukuru Mungu kwa uzima. Aliuliza tu: "Unapobadilisha shuka, unabadilisha mangapi?"

"Moja."

"Hapana. La leo, na la jana, na la kesho. Ndiyo maana ni zito. Jaribu kulishika la leo tu. Mguu ukikanyaga hapo chini, jua kwamba unakanyaga. Pumzi ikiingia, jua imeingia. Akili ikienda kwa shuka la kesho, irudishe, usiipigie kelele."

Nikajaribu. Siku ya kwanza sikuona kitu. Ya pili nilisahau kabisa mpaka jioni. Ya tatu, nikiwa nimeshika shuka lililolowa, nikaona kwamba ni la uvuguvugu, lina harufu, lina uzi umechomoka kwenye pindo, na ni moja. Basi. Nikalipeleka kwenye beseni. Mgongo uliuma vilevile, lakini uliuma mgongo peke yake.

Mtawa aliporudi kuchukua vazi, nikamwambia. Akafurahi, akasema sasa anifundishe la pili: kutakia heri. Unakaa, unapumua, unajitakia mema wewe kwanza, halafu mtu unayempenda, halafu mtu usiyemjua vizuri, na mwisho kabisa yule anayekuchosha. Maneno alikuwa ameyatafuta mwenyewe kwenye kamusi, mawili matatu, ya mtu kushika kirahisi. *Niwe salama. Nitulie. Nipumzike.*

"Hili la mwisho nimelipenda sana," akasema. "Kwenye kamusi liko karibu na pumzi. Nikasema, tazama, kwa Kiswahili kupumzika ni kupata pumzi!"

Mimi nimezaliwa na neno hilo mdomoni na sikuwahi kuliona hivyo. Nikaona aibu kidogo, na furaha.

"Yule anayekuchosha," akanionya, "usianze naye. Mwisho."

Lakini mimi nina kazi nyingi. Nikasema, kwa nini nizunguke mji mzima na mtu mwenyewe yuko nyuma ya pazia? Nikaanza naye.

Kila asubuhi, akishakunywa uji, mimi nikishakaa, nilitia mguu kwenye kanyagio na kusema. Cherehani yangu ina kelele, na mimi tangu ujana siwezi kuhesabu kitu bila midomo, kwa hiyo nilisema kwa sauti. *Wifi yangu awe salama. Wifi yangu atulie. Wifi yangu apumzike.* Lile la mwisho lilikaa vizuri na gurudumu, a-pu-mzi-ke, a-pu-mzi-ke, kiasi kwamba siku nyingine nilishona shati zima kwa neno hilo moja.

Na likafanya kazi! Ndivyo nilivyodhani. Baada ya wiki hivi wifi akaanza kutulia. Nikimgeuza, hasemi kitu. Nikimwaga chai, hasemi. Mteja mmoja alilalamika kwamba suruali imembana, nikangoja pazia litie neno lake, pazia likanyamaza. Nikajiambia, kumbe haya mambo ya kweli, hata hajui kama anatakiwa heri na bado yanampata.

Halafu akaacha nusu bakuli ya uji. Kesho yake akaacha bakuli lote. Siku ya tatu nilipopeleka kijiko mdomoni aliufunga, akageuza uso ukutani. Nikajaribu supu, nikajaribu ndizi iliyopondwa, nikajaribu chai yenye sukari ambayo daktari amemkataza na yeye huililia. Akawa anapokea maji tu, kijiko kimoja, kwa huruma ya koo.

"Unaumwa wapi, wifi?"

Kimya.

"Nimekukosea nini?"

Kimya. Na mimi niliyekuwa nakilalamikia kile kinywa, nilianza kukitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Muuguzi wa zahanati huja Jumanne. Alimpima, akamtazama ulimi, akamfinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama. Akanivuta jikoni.

"Koo linameza vizuri," akasema. "Huyu hajashindwa kula, amekataa. Kuna tofauti. Hajala kwa siku ngapi?"

"Leo ya tano."

"Mama, nikirudi kesho kutwa nikamkuta hivi, itabidi alazwe. Na mtu wa umri wake aliyeamua, mimi sikufichi: akiingia wodini sidhani kama atatoka."

Nilisikia. Na nitaandika kilichotokea ndani yangu, kwa sababu nikikiacha hadithi hii itakuwa ya uongo. Kabla ya kuogopa, kabla ya kitu kingine chochote, kuna kitu ndani yangu kilikaa chini na kuvua viatu. Kama mtu aliyefika. Nikaona asubuhi isiyo na shuka. Ilikuwa kitambo kidogo tu, muda wa muuguzi kufunga mkoba wake. Halafu nikashika ukingo wa sinki.

Mchana huo nilimwita mwanangu. Yeye ni fundi wa lifti, alikuja na nguo za kazi, mikono ina grisi, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia kukaa na shangazi yake. Nikasikia mnong'ono, mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatikiwa umeme ghorofa ya tisa.

"Mama. Unamwombea nini shangazi?"

"Mema."

"Anasema unamwombea afe."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka.

"Anasema kila asubuhi unamtaja. Unasema apumzike. Apumzike, apumzike, na cherehani inaitikia. Anasema kama ndilo jambo linalotakiwa na nyumba hii, basi atawarahisishia kazi, haina haja ya kumsomea."

Mkasi nilikuwa nimeushika. Nikauweka mezani polepole.

"Ni maneno ya Sista," nikasema. "Ni kutakia heri. Kupumzika, kupata pumzi."

"Sista ni mgeni, mama. Ametoa kwenye kitabu. Wewe hujui neno hilo likisemwa juu ya mgonjwa maana yake nini? Kila tangazo la kifo redioni, fulani amepumzika. Hujalisikia?"

Nilikuwa nimelisikia. Mwanangu akanawa mikono, akanibusu kipajini kama anayeniaga mimi, akarudi kazini kwa sababu kuna watu walikuwa wamekwama.

Nikapika uji. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikaukoroga, nikauchuja, nikaupeleka nyuma ya pazia na kukaa kwenye kigoda chake. Alikuwa ameelekea ukutani. Nywele za kisogoni zilikuwa zimejisokota kwa kulaliwa, na shingo ile niliyoiogopa miaka yote ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Wifi. Lile neno sikulisema kwa maana ile."

Akauambia ukuta:

"Miaka thelathini nimelipokea neno hilo kwenye waya. Baba amepumzika. Mama amepumzika. Mtoto amepumzika. Hata siku moja hakuna mtu aliyelipia telegramu kusema fulani amelala mchana."

"Najua."

"Na wewe ni neno lako tangu zamani. Hata siku ile ulifurahi."

"Siku ipi?"

"Usijifanye. Siku niliyokuletea ya kaka yangu."

Nikabaki na kijiko hewani.

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa bombani nafua nepi, mtoto mgongoni. Wifi akaja na sare yake ya posta, kwa miguu, jua kali. Kwa kawaida telegramu huletwa na tarishi, lakini hii aliileta mwenyewe. Akanipa karatasi, hakusema kitu. Mume wangu alikuwa mbali, wanajenga bwawa, na kila barua yake ilikuwa kilio kimoja: kazi haina Jumapili, mgongo umekwisha, lini nitapumzika. Mimi shule yangu ni ya msingi, na herufi kubwa zile za mashine zilinisumbua, nikasoma kwa kidole. MUMEO AMEPUMZIKA JUMAPILI BARUA YAFUATA. Nikatabasamu. Nikamwambia, "Vizuri. Alikuwa amechoka sana." Wifi alinitazama, akageuka, akaenda zake. Ni jirani aliyenisomea kwa mara ya pili, nilipomwonyesha kwa furaha. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, ila nepi zilibaki kwenye beseni siku tatu.

Sikumsimulia mtu. Niliona aibu. Na yeye nilidhani alielewa. Karani mzima, bingwa wa maneno, angekosaje kuelewa kwamba mjinga wa bombani hakuelewa?

"Nilidhani kapata likizo," nikasema.

Shingo ile ikajigeuza, kidogo kidogo, mpaka jicho moja likanifikia. "Nini?"

"Nilidhani wamempa siku ya kupumzika. Jumapili. Si alikuwa akilia na Jumapili kila barua? Nikasema, afadhali, wamempa."

Nje mtu aligonga mlango, mteja, nikamwacha agonge mpaka akachoka.

"Likizo," akasema wifi.

"Likizo."

"Yesu wangu." Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na lile la upande uliolala lilikuwa likimwaga bila yeye kujua. "Ile karatasi niliichapa mimi. Kwenye waya walituma *amekufa*. Mumeo amekufa Jumapili. Nikaona siwezi kumpiga mtu na neno hilo kifuani, ana mtoto mgongoni. Nikalifuta, nikaweka *amepumzika*. Kazi yangu yote ile, neno la mtu nimeligusa mara moja tu."

Miaka arobaini na mitatu tulikuwa tumekaa, mimi huku na yeye kule, juu ya neno alilolichagua ili nisiumie.

Nikafuta jicho lake kwa pindo la kanga yangu. Hakuukataa mkono.

"Na hili la sasa?" akauliza.

"La sasa Sista alilikuta kwenye kamusi. Nilikuwa nakutakia nafuu."

"Siku zote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa hapo mdomoni, tena ingeonekana upole. Pumzi ikaingia, nikajua imeingia. Ikatoka.

"Siku nyingi," nikasema. "Siku mbili tatu nilimaanisha lile la posta."

"Zipi?"

"Ile wiki ya kuhara."

Kifua chake kikaanza kutikisika, nikaogopa, nikadhani ni kiharusi kingine. Alikuwa anacheka, kwa nusu ya mdomo, nusu nyingine imekaa kimya kama mgeni asiyeelewa utani. "Ile," akasema, "hata mimi nilijiombea."

Na leo jikoni? Hilo la kuvua viatu sikumwambia. Nilitaka. Nikaona ile ni sindano yangu mwenyewe, sina sababu ya kumchoma nayo.

"Huo uji umepoa," akasema.

"Utakosaje kupoa? Una saa nzima mkononi mwangu."

"Na una mabonge. Nayaona kutoka hapa."

"Nikapike mwingine?"

"Lete hivyo hivyo."

"Hivyo moja inatosha," nikamwambia.

Akala vijiko saba. Nilivihesabu, midomo ikicheza. Muuguzi alipokuja Alhamisi alikuta nusu bakuli imekwenda na mgonjwa anamlalamikia mpishi, akasema hapo hakuna kulazwa.

Mtawa nilipomweleza alishika kichwa chake kitupu kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Siku mbili hakupita mtaani. Ya tatu akaja na kamusi yake na penseli, akaniomba nimwandikie pembeni ya lile neno maana ile nyingine, kwa mwandiko wangu. Nikaandika. Wifi akaamrisha kutoka ndani tulete kitabu akione, akasema nimekosea herufi, akamwambia mtawa: "Sema *apumue*. Ni fupi, na maiti hawezi."

Basi ndivyo ninavyosema siku hizi. Nitakuwa nadanganya nikisema nimekuwa mtu mwingine. Shuka ni lilelile, kila asubuhi, na mgongo haujasoma mafundisho yoyote. Kuna siku nalishika la leo tu. Kuna siku nabeba ya mwaka mzima, na narudi kwenye cherehani nimejichoma sindano kumi na mbili, zote zangu.

Jumapili iliyopita mwanangu aliingia saa tatu, nguo safi, akakunja mikono ya shati.

"Nimeitwa na shangazi kuja kugeuza gunia," akasema. "Amesema kila Jumapili. Amesema wewe uende ukalale."

"Mimi? Mchana huu?"

"Mwambie asianze maneno mengi," pazia likasema. "Nimeshatuma."

Nikalala kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia, ndipo penye kivuli, vipande vya nyuzi vikinishika nywele. Nilimsikia mwanangu akihangaika na shuka, na wifi akimfundisha: shika hapa, polepole, mimi si lifti. Pumzi ikaingia. Ikatoka. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani.

"Umekufa huko?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nimepumzika."

Akayapima maneno yangu, kama anayehesabu kwa ncha ya penseli.

"Vizuri," akasema. "Ulikuwa umechoka sana."